Hoteli kubwa za kando ya mto: uzuri wake ulikuwa kwenye barza

Mikelenge, Kindu. — Kuna wazo linalorudi kila mara mazungumzo ya utalii yanapoanza katika Maniema: kwamba mji wa Kindu unakosa hoteli kubwa kando ya Lualaba, moja ya zile za zamani zenye nguzo nyeupe, bustani, na madirisha yanayotazama maji. Ikipatikana hiyo, wageni watakuja. Wazo si baya, lakini limeshikwa kwa mkia. Hoteli kubwa za mtoni hazikuleta wageni. Wageni ndio waliozileta hoteli, na wageni wenyewe waliletwa na gari-moshi na meli.

Mfano wa karibu uko chini ya mto, Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Wakati wa Wabeleji palikuwa pale na hoteli kando ya mto yenye jina la kuchekesha: Pourquoi Pas, yaani "kwa nini isiwe?" Mwaka 1951 walifikia hapo Katharine Hepburn na Humphrey Bogart, waigizaji wakubwa wa Marekani, walipokuja na mwongozaji John Huston kupiga filamu The African Queen. Wengi hudhani filamu ile ilipigwa Uganda peke yake. Kumbe kabla ya kwenda Uganda walikaa Kongo majuma mengi, katika kambi ya Biondo, kando ya mto Ruiki unaoingia Lualaba, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Watu wengi wa kikundi kile waliugua tumbo, na Hepburn aliyependa maji kuliko pombe aliugua kuliko Bogart na Huston walioshika chupa ya wiski. Bogart alipata Oscar kwa kazi ile, Oscar pekee ya maisha yake. Hepburn naye alikuja kuandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kikatoka mwaka 1987.

Hadithi ya filamu yenyewe ina mizizi karibu na Maniema kuliko watu wanavyojua. Riwaya ya C. S. Forester, iliyotoka mwaka 1935, ilichukua mbegu yake kwenye vita ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikavutwa kwa nchi kavu hadi Katanga, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, halafu zikapakiwa kwenye gari-moshi la CFL mpaka ziwani, pale Kalemie ya leo. Reli ile ile ambayo wazee wa Kindu waliifanyia kazi. Hollywood ilipokuja miaka 36 baadaye, ilikuja kupiga picha ya hadithi iliyokwisha kupita hapa kwenye behewa.

Sasa turudi kwenye hoteli. Kwa nini watu wale walilala Stanleyville, na kwa nini Stanleyville ilikuwa na hoteli za kuwalaza? Jibu liko majini. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unavunjika mara saba. Ni maporomoko ya Boyoma, yamesambaa kwenye kilomita karibu 100, na mto unashuka hapo karibu meta 60. Wagenia wanayajua, wameyategea mitego yao ya miti tangu enzi za mababu. Lakini meli haipiti. Mzigo unashushwa, abiria anashuka, wanapanda reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906, na safari inaendelea upande wa pili. Tena reli ile inaishia Lubunga, ng'ambo ya kushoto, na mji mkubwa uko ng'ambo ya kulia. Kwa hiyo anayetoka Kindu anafika, anaona taa za mji, na bado anapaswa kuvuka mto kabla ya kupata kitanda.

Njia nzima ilikuwa hivyo. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na tajiri Mbeleji Édouard Empain, ilijenga reli mahali mto unapokataa na kuweka meli mahali mto unapokubali. Kutoka Kongolo hadi Kindu ni reli, kilomita 355, iliyomalizika mwishoni mwa mwaka 1910, sababu katikati kuna miamba na maji ya kasi. Kutoka Kindu hadi Ubundu ni meli, kilomita karibu 310. Kutoka Ubundu hadi Kisangani, reli tena. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, meli, kilomita 1,734. Kindu iliitwa hata Port-Empain, bandari ya Empain, kwa sababu ndiyo mahali treni inapokabidhi watu kwa meli.

Kila mahali pa kukabidhiana hivyo, mtu anangoja. Treni imefika leo, meli itaondoka kesho kutwa. Meli imechelewa, maji yamepungua, nahodha anaogopa mchanga. Abiria ana siku moja, ana siku nne, wakati mwingine ana juma zima, na hana kazi isipokuwa kukaa na kutazama mto. Hoteli ya mtoni ilizaliwa kutokana na kungoja huku. Vitanda vilikuwa vya kulalia usiku, lakini mchana wote ulipitishwa nje, kwenye baraza pana lenye kivuli, na hapo ndipo uzuri wote uliokuja kusifiwa vitabuni ulipotokea: chai ya saa kumi, upepo wa mtoni, mtumbwi unaokatisha, mvua inayoonekana inakuja kutoka mbali kabla ya kufika.

Wabeleji walikuwa na neno la sehemu ile ya nyumba. Waliiita barza. Mpaka leo Mkongomani anayesema Kifaransa husema "la barza" bila kujiuliza lilitoka wapi. Lilitoka kwenye Kiswahili. Ni baraza, mahali pa kukaa na kuongea, mahali wazee wanapomaliza mashauri, mahali mgeni anapokaribishwa kabla ya kuulizwa shida yake. Mzungu alikuja na saruji, bati na vyuma vya kitanda kutoka Ulaya, lakini ile sehemu iliyoifanya hoteli yake ipendwe alilazimika kuiazima pamoja na jina lake. Kule Goma, wakati wa vita, viongozi wa makabila walipotafuta jina la chombo cha kupatanisha watu, walichukua neno hilo hilo, wakaliita Barza. Neno limezunguka, limerudi nyumbani.

Jambo la maporomoko si la Kongo peke yake. Kule Misri, hoteli maarufu kuliko zote za mto Nili, Old Cataract ya Aswan, ilifunguliwa mwaka 1899 na kampuni ya safari ya Thomas Cook, mahali ambapo meli za kutoka Kairo zinasimama kwa sababu ya maporomoko ya kwanza. Jina lake lenyewe ni "maporomoko". Agatha Christie aliitumia katika riwaya yake ya mwaka 1937 juu ya kifo kwenye Nili. Hoteli ya Victoria Falls kwenye Zambezi ilianza mwaka 1904, reli ilipofika, kabla hata daraja halijakamilika. Stanleyville nayo ilikuwa na Hôtel des Chutes, yaani hoteli ya maporomoko, kando ya mto. Ukiangalia ramani utadhani mtu mmoja alizipanga zote: mahali maji yanapomkatalia msafiri, mtu mwingine anamfungulia mlango na kumtoza pesa.

Kuna mfano mwingine, wa Masindi huko Uganda, unaofaa kutazamwa na kila anayeota hoteli ya Kindu. Hoteli ya Masindi ilijengwa mwaka 1923 na shirika la reli na bandari, ingawa Masindi haiko hata kando ya maji. Ilikuwa katikati ya njia: msafiri anashuka meli Masindi Port, anapita mjini kwa gari, anapanda meli nyingine Butiaba kwenye Ziwa Albert, aende Kongo au Sudan. Mwaka 1954 mwandishi Ernest Hemingway alifika huko akiwa ameumia, baada ya ndege mbili kuanguka naye katika siku mbili. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa likapanda, likaharibu bandari ya Butiaba, na njia ile ya meli ikafa. Hoteli bado ipo. Lakini inaishi kwa sababu kuna barabara nzuri na watalii wanaokwenda kuona maporomoko ya Murchison. Ingekuwa inategemea kumbukumbu ya Hemingway peke yake, leo ingekuwa ghala la mahindi.

Old Cataract nayo haikudumu kwa sababu ya Agatha Christie. Ilifungwa mwaka 2008 kwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa tena mwaka 2011, na wakati huo wote treni ya Kairo iliendelea kufika Aswan, meli za watalii ziliendelea kufunga kamba, umeme ulikuwepo. Serikali iliona faida, ikatunza. Hakuna uchawi hapo.

Upande mwingine wa hadithi hauandikwi kwenye vitabu vya watalii, na wazee wa Kindu na wa Kisangani wanaujua bila kusimuliwa. Barza ile yenye jina la Kiswahili ilikuwa haramu kwa mwenye lugha. Mwafrika aliingia hotelini kwa mlango wa nyuma: boyi, mpishi, mfuaji, mlinzi. Miji ya Wabeleji iligawanywa, mtaa wa Wazungu huku, site ya weusi kule, na usiku mtu mweusi aliyepatikana mtaa wa Wazungu bila karatasi alikamatwa. Tangu mwaka 1948 serikali ilitoa kadi ya sifa ya raia, na mwaka 1952 ikaongeza kile walichokiita "immatriculation", mtihani wa kuthibitisha kwamba Mkongomani fulani amekuwa "mstaarabu". Mkaguzi aliingia mpaka jikoni kuona kama familia inakula kwa uma.

Patrice Lumumba alipita njia hii hii. Alizaliwa Onalua mwaka 1925, akafika Maniema akiwa kijana, akafanya kazi Kalima kwenye kampuni ya madini ya Symétain, halafu akaenda Stanleyville ambako alikuwa karani wa posta. Kadi ya immatriculation aliipata mwaka 1954, baada ya kuhangaika. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo watu wa filamu kutoka Marekani walikaa barzani bila kuulizwa chochote, mtu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi alipaswa kufanya mtihani ili ahesabiwe kuwa mtu. Anayesimulia uzuri wa hoteli za zamani na kuliruka hili anauza nusu ya bidhaa.

Hata hivyo si haki kuishia hapo na kusema majengo yale yalikuwa ya Mzungu, yabomoke tu. Nani aliyachoma matofali? Nani alipasua mbao? Shuka nyeupe zilizosifiwa na wasafiri zilipigwa pasi ya makaa na mikono ya watu wenye wajukuu wanaoishi leo Mikelenge, Kasuku, Alunguli, Lubunga. Mwanamuziki, mpishi, fundi wa meli, mtu wa kupima kina cha maji kwa mti mrefu akiimba hesabu kwa nahodha: hao ndio walioifanya njia ile iwe njia. Uzuri wa hoteli ni jasho lao pia, na wana haki ya kuudai.

Halafu ikaja miaka ambayo neno "mgeni" lilipata maana ya kutisha. Kindu ina jeraha lake: tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliokuja na ndege za Umoja wa Mataifa kuleta vitu kwa kikosi cha Malaya waliuawa hapa. Miaka mitatu baadaye, Simba walipokuwa wameshika Kindu na Stanleyville, hoteli ziligeuka jela. Kwenye hoteli ya Victoria, katikati ya Stanleyville, walifungiwa mateka wa kigeni karibu 250. Asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, wakati wanajeshi wa parashuti wa Ubelgiji walipokuwa wameshuka kutoka ndege za Marekani, mateka wale walitolewa nje, wakapigwa risasi barabarani. Kati ya waliokufa alikuwa daktari Mmarekani Paul Carlson. Jina lake liliandikwa magazetini dunia nzima. Wakongomani waliokufa mjini kabla na baada ya siku ile walikuwa maelfu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Baadaye njia yenyewe ikavunjika. Haikuvunjika kwa siku moja. Reli ilizeeka bila kurekebishwa, meli zikazama au zikaoza bandarini, kisha vita ya 1998 hadi 2003 ikakata mji mmoja na mwingine. Kindu ilizingirwa, watu walikula walichopata. Kisangani, katika siku sita za Juni mwaka 2000, ilinyeshewa mabomu zaidi ya 6,000 na majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa yakigombea mji usio wao. Mamia ya raia walikufa. Katika siku zile hakuna aliyeuliza hoteli gani ina veranda nzuri. Watu waliuliza ni nyumba ya nani ina ukuta mnene.

Basi, mbele ya historia hii, mtu anaweza kusema: acheni habari za hoteli, kuna njaa. Kuna familia za wahami wa vita zilizofika Maniema kutoka Kivu, hasa baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa mwaka 2025. Kuna nyingine zilizohama ndani ya Maniema yenyewe. Mama aliyekuja na watoto na sufuria moja, amelala kwenye darasa la shule au kwenye chumba cha ndugu wa mbali, ana faida gani na Humphrey Bogart?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipaswi kuwa la kupaka asali. Faida ya moja kwa moja hana. Lakini mama huyo anajua jambo moja kuhusu hoteli za mtoni kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya utalii: anajua kungoja. Anangoja habari za mume, anangoja usalama urudi kijijini, anangoja mashua, anangoja treni, anangoja mtu wa shirika mwenye orodha. Na mahali anapongojea, mara nyingi, ni juani. Ukienda kwenye kivuko cha kuvukia Alunguli, au pale baleinière zinapopakia za kwenda Ubundu, utaona watu wamekaa juu ya magunia ya mchele, watoto wamelala juu ya turubai, mvua ikija kila mmoja anakimbilia chini ya mwamvuli wa muuza beignet. Kungoja kule kule kulikowapa Wazungu barza, chai na vitabu, kunawapa watu hawa homa.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndipo kazi inapopaswa kuanza. Kabla ya hoteli ya vyumba sitini na bwawa la kuogelea, bandari ya Kindu inahitaji baraza. Kweli kabisa, baraza: jengo la wazi, pana, lenye paa linalozuia mvua ya Lualaba, pa kukaa watu mia mbili. Halihitaji mhandisi kutoka Ulaya. Maniema ina mbao, ina mafundi wa matofali, ina vijana wasio na kazi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya utalii katika hoteli ya Kinshasa.

Pamoja na hilo, njia. Treni ya SNCC inaweza kukaa majuma mengi bila kuonekana Kindu, na inapokuja inajaa mpaka juu ya paa. Mashua za mbao zinapakia watu na mafuta ya mawese na baiskeli na mbuzi kupita kiasi, zinasafiri usiku bila taa, na kila mwaka mto unakula watu. Hakuna mtalii atakayekuja kwa njia hiyo, na kusema kweli si kwa ajili ya mtalii inapaswa kurekebishwa. Jilé za kuokolea, alama za kuonyesha mchanga na miamba, marufuku ya safari za usiku inayosimamiwa kweli, siyo ile inayonunuliwa kwa noti za franka: hayo yakifanyika kwa ajili ya mama wa Ubundu anayeleta samaki, mgeni wa mbali naye atayakuta.

Na majengo ya zamani? Kando ya reli na kando ya mto Kindu bado kuna nyumba za wakati wa CFL, nyingine zinakaliwa, nyingine zimeota nyasi. Hazina sifa kama za Aswan. Lakini zina kuta nene, dari za juu, na mara nyingi zina barza. Kila moja inayobomolewa ili kupandisha boutique ya kontena ni hasara ambayo hakuna atakayeilipa. Serikali ya mkoa ingeweza angalau kuzihesabu, kuzipiga picha, na kusikiliza wazee wa reli na wapishi wa zamani wangali hai. Redio za mji zingefanya kazi hiyo vizuri: saa moja kwa juma, mzee mmoja, kipaza sauti kimoja. Familia zilizohama nazo zina wazee wao, wengine walifanya kazi kwenye meli, migodini, kwenye nyumba za wageni za Kivu. Kumbukumbu zao zimekimbia pamoja nao na hazina mahali pa kukaa.

Kuna hatari moja ya kuangalia mapema. Mara mto unapoanza kuonekana mzuri machoni pa wenye pesa, ukuta unapanda. Imetokea katika miji mingi: kando ya ziwa Goma na Bukavu, viwanja vilivyokuwa njia ya kwenda kuchota maji viligeuka mageti na walinzi. Siku hoteli kubwa ikijengwa Kindu, na huenda siku moja itajengwa, ruhusa yake iandikwe na sharti: njia ya kwenda mtoni ibaki wazi, na barza ya mbele iwe ya mtu yeyote mwenye bei ya chai. Mzee wa Mikelenge aliyekatazwa na baba yake kupita mbele ya hoteli ya Wazungu asikatazwe mara ya pili na mlinzi wa Mkongomani mwenzake.

Wanaotaka jina la hoteli hiyo wanaweza kuliazima lile la Stanleyville, si jina baya. Kwanza, lakini, paa la bandarini. Paa, benchi, choo cha wanawake na cha wanaume, bomba la maji, na taa inayowaka usiku. Wali na sombe, akina mama wa Mikelenge wataleta wenyewe.